KAUSHA PILIPILI KABLA KUVU HAIJAIWAHI

Ingia katika nyumba yoyote ya Mbeya au Iringa wakati wa chakula. Utakuta ugali. Utakuta maharage au mboga za majani. Na pembeni, katika kisahani au kichupa, utakuta pilipili. Wengine huila mbichi, wakiiponda na chumvi. Wengine huila iliyokaushwa na kusagwa. Leo tutazungumza juu ya hii iliyokaushwa.

Kwa nini ukurasa wa afya uzungumze juu ya pilipili? Kwa sababu pilipili ikikaushwa vibaya huota kuvu. Kuvu nyingine hutoa sumu. Sumu hiyo haionekani kwa macho. Haina harufu wala ladha. Tena pilipili ni kali. Hata ikiwa imeharibika, ukali wake huficha ladha mbaya. Mlaji hutokwa machozi, hunywa maji, husema pilipili hii ni kali kweli. Hajui amekula nini.

SUMUKUVU

Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Wataalamu walianza kuifuatilia mwaka 1960 kule Uingereza. Mwaka huo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika mashamba ya huko. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, watu waliugua ghafla katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Karibu watu 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu.

Sumukuvu huumiza ini. Mtu akiila nyingi kwa mara moja anaweza kufa. Akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini. Kupika hakuiondoi. Kuosha hakuiondoi. Na wale wanaosema kwamba pilipili ni kali, kwa hiyo kuvu haiwezi kuota juu yake, wamekosea. Kuvu haiogopi ukali. Kuvu huogopa ukavu.

Ni kweli kwamba pilipili tunakula kidogo, na mahindi tunakula sana. Kwa hiyo mahindi na karanga ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Lakini nyumba inayoanika pilipili chini kwenye udongo, mara nyingi ndiyo inayoanika na mahindi chini. Anayejifunza kukausha pilipili vizuri amejifunza na mengine.

Watu wa Mufindi na Njombe wanaujua ukungu. Huamka asubuhi usione hata mti ulio mbele ya nyumba. Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja: ukungu huu wa asubuhi unaofunika mashamba ya chai, na ukungu ule unaoota kwenye mkate uliolala siku nyingi. Ukungu wa kwanza huukaribisha wa pili. Ndiyo maana sisi wa nyanda za juu tunapaswa kujihadhari zaidi kuliko watu wa sehemu za jua kali.

PILIPILI GANI, NA IPANDWE LINI

Pilipili si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka bara la Amerika. Wareno waliisambaza kwa meli zao baada ya mwaka 1500. Leo imezoea kwetu mpaka inaota yenyewe kando ya njia. Pilipili manga si ndugu yake. Ile ni mmea mwingine kabisa, unaotambaa juu ya miti.

Kwa kukausha, pilipili ndefu nyembamba ni nzuri. Pilipili kichaa, ile ndogo inayosimama wima juu ya mti wake, nayo ni nzuri, kwa sababu ina nyama kidogo na hukauka upesi. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri sana, lakini ina nyama nene na mikunjo. Kuvu hupenda kujificha katika mikunjo hiyo. Ukitaka kuikausha, ipasue kwanza. Pilipili hoho iache kwa kupika.

Mkulima mzuri wa pilipili huhesabu kwa kurudi nyuma. Hujiuliza kwanza: nitaanika lini? Mvua zetu huanza Novemba na huisha Aprili au Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kiangazi. Basi pilipili inayoivia kiangazi ndiyo rahisi kukausha. Sia mbegu katika kitalu mwezi wa Januari au Februari. Miche ikifikisha majani manne hadi sita, baada ya wiki sita hivi, ihamishie shambani. Acha nusu mita kati ya mche na mche. Tia samadi iliyooza vizuri. Baada ya miezi mitatu hivi utaanza kuchuma, na jua litakuwepo. Utahitaji kumwagilia maji kiangazi kinapoingia. Miche 10 nyuma ya nyumba inatosha jamaa moja, hata wawe walaji hodari.

Hesabu hiyo inafaa Usangu, Kyela, Pawaga na Ilula, mahali penye joto. Haifai Makete, wala sehemu za juu za Njombe na Mufindi. Huko mwezi wa Juni na Julai umande huganda ukawa mweupe kama chumvi. Mche wa pilipili hauvumilii baridi hiyo. Huungua majani ukafa. Watu wa huko wasie mbegu mapema, Agosti au Septemba, katika kopo au ndoo kuukuu ndani ya nyumba. Wahamishie nje mvua zinapoanza, karibu na ukuta unaopigwa na jua. Pilipili yao itaivia mvuani. Kwa hiyo kazi yao ya kukausha ni ngumu zaidi, nitaieleza hapa chini.

Jambo moja zaidi juu ya shamba. Pilipili, nyanya, viazi mviringo, bilinganya na tumbaku ni mimea ya ukoo mmoja. Ugonjwa wa mnyauko ukimpata mmoja, hubaki katika udongo ukimngojea mwingine. Mikoa yetu imejaa viazi na nyanya. Usipande pilipili mahali ulipotoa viazi au nyanya msimu uliopita. Tanguliza mahindi kwanza.

KUCHUMA NA KUANIKA

Chuma pilipili iliyoiva kabisa, nyekundu yote. Chuma mchana, umande ukiwa umekwisha. Acha kikonyo chake, kwa sababu ukiking'oa unafungua mlango, na kuvu huingia hapo. Chagua palepale. Yenye kidonda, yenye tundu la mdudu, na iliyookotwa chini, usiichanganye na nzima. Osha kwa maji safi na uikung'ute mpaka maji yaishe.

Sasa sikiliza vizuri. Usianike chini. Usianike juu ya udongo, wala juu ya bati lenye kutu, wala kando ya barabara ya lami. Udongo ndio nyumba ya kuvu. Kando ya barabara kuna vumbi na moshi wa magari. Na kuna kuku. Watu wengi hudhani kuku hawezi kugusa pilipili kwa sababu ni kali. Si kweli. Kuku na ndege wote hawausikii ukali wa pilipili. Ndiyo maana ndege hula pilipili kichaa na kuipanda kila mahali kwa kinyesi chao. Kuku wako atapanda juu ya pilipili, ataidonoa, na ataiachia kinyesi. Kinyesi hicho kina vijidudu vya kuharisha, na pilipili kavu mara nyingi hunyunyizwa juu ya chakula bila kupikwa tena.

Jenga kichanja, kama kile cha vyombo. Urefu wake ufike kiunoni. Juu yake tandaza mkeka safi, au wavu wa waya usio na kutu. Usitumie chandarua cha mbu, hata kilichochanika. Vyandarua vya siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo si ya kuliwa.

Tandaza pilipili mstari mmoja, zisilaliane. Zigeuze mara mbili kwa siku. Funika kwa kitambaa chepesi cha rangi nzito. Kitambaa huzuia nzi na vumbi. Tena huzuia jua kali lisiunguze rangi, kwa sababu rangi ile nyekundu ina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Jioni, kabla umande haujaanguka, ingiza zote ndani. Usiseme leo nimechoka, nitaziacha. Umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya siku mbili.

Kwa pilipili nyembamba na jua zuri, siku 5 hadi 10 zinatosha. Kilo 4 au 5 za pilipili mbichi zitabaki kilo 1. Usiogope kupungua huko. Kilichoondoka ni maji.

Je, mtu wa Rungwe au Mufindi, ambaye hupitisha siku tatu bila kuona jua? Afanye hivi. Atengeneze kaushio la jua. Ni sanduku la mbao lenye miguu. Ndani chini lipakwe rangi nyeusi, au masizi yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Katikati pawe na wavu wa kuwekea pilipili. Juu lifunikwe kwa nailoni inayopitisha mwanga. Pande mbili ziwe na matundu: ya chini upande mmoja, ya juu upande wa pili. Hewa baridi huingia chini, hupata joto, hubeba maji ya pilipili, hutokea juu. Bila matundu hayo, sanduku litageuka kuwa sufuria ya kuchemshia, na pilipili itaoza ikiwa ndani.

Jua likikosekana kabisa, pasua pilipili kwa urefu, uzitungike karibu na jiko la mkaa lenye moto mdogo. Tunataka joto, hatutaki moshi. Wazee walizoea kuweka vitu uchagani juu ya mafiga. Havikuota kuvu, hilo ni kweli, lakini vilijaa masizi, na moshi huo una vitu visivyofaa mwilini.

UTAJUAJE KAMA IMEKAUKA?

Chukua moja uitikise sikioni. Mbegu zinalia kama kayamba? Ikunje. Inavunjika kwa sauti? Kama inavunjika, imekauka. Kama inajikunja kama ngozi, rudisha kichanjani. Wengi hukosea hapa. Huona rangi imekuwa nyekundu iliyokoza, wakafikiri kazi imekwisha. Huijaza kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga. Baada ya wiki tatu hufungua na kukuta unga mweupe au wa kijani ndani ya mfuko.

Ukiona unga huo, au doa jeusi lililoota manyoya, au ukisikia harufu ya nyumba iliyofungwa, tupa. Usichague zile zinazoonekana nzima katika mfuko uleule, kwa sababu kuvu husambaa kabla haijaonekana. Usioshe ukaanika upya. Usimpe kuku, kwa maana utakula kuku na mayai yake. Fukia katika shimo. Usichome moto, maana moshi wa pilipili utawafukuza jirani zako wote na utamkaba mwenye pumu.

Najua kutupa kunauma. Mtu amechota maji miezi mitatu. Lakini ini halinunuliwi sokoni.

KUSAGA

Kuna faida ya kusaga nyumbani. Pilipili ya unga ya kununua huwezi kujua ilisagwa kutoka nini. Mwaka 2003 nchi za Ulaya ziligundua pilipili ya unga iliyotiwa rangi ya viwandani, ile ya kutia rangi mafuta na nta, ili ionekane nyekundu zaidi. Rangi hiyo haifai kuliwa. Mwaka 2005 kule Uingereza vyakula vya aina zaidi ya 400 viliondolewa madukani kwa sababu hiyo hiyo. Wauzaji wengine wasio waaminifu huchanganya vumbi la matofali. Hili unaweza kulipima. Koroga kijiko cha unga katika glasi ya maji, uache utulie. Papasa kilichozama chini kwa vidole. Kikikwaruza kama mchanga, umeuziwa tofali.

Saga siku isiyo na upepo mkali, nje ya nyumba. Kaa upande unakotoka upepo. Funga kitambaa puani na mdomoni. Watoto wadogo na wenye pumu wakae mbali. Katika vijiji kadhaa vya Tanzania vilivyo jirani na hifadhi za wanyama, wakulima huchanganya pilipili ya kusaga na oili chafu, wakapaka vitambaa na kuvifunga kwenye kamba kuzunguka shamba. Tembo akisikia harufu hiyo hurudi nyuma. Kama tembo anarudi nyuma, fikiri juu ya pua ya mtoto wa miaka miwili.

Tenga kinu na mchi kwa pilipili peke yake. Mti wa kinu hunywa ule ukali. Ukitwanga mahindi ya uji ndani yake kesho, mtoto atalia na hutajua analilia nini. Kwa sababu hiyo hiyo usiipeleke mashine ya kijiji, ila kama mwenye mashine amekubali na yupo tayari kuisafisha. Mtu anayefuata nyuma yako amebeba unga wa ugali. Ukitaka unga usiwe mkali sana, toa ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu kabla ya kukausha. Ukali mwingi umo katika utando huo, si katika mbegu kama wengi wanavyodhani.

Ukimaliza, paka mikono mafuta ya kula, isugue, ndipo uoshe kwa sabuni. Ukali wa pilipili hushikana na mafuta. Maji peke yake hayautoi. Mama anayenyonyesha asisahau jambo hili. Pilipili ikiingia jichoni usitie mafuta. Osha jicho kwa maji safi mengi, muda wa robo saa. Maumivu yasipopungua nenda zahanati. Ikikuunguza mdomoni, maziwa hutuliza kuliko maji.

Twanga kidogo, ya mwezi mmoja. Nyingine iache nzima, kwa maana unga hunyonya unyevu upesi kuliko pilipili nzima. Weka katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, mahali penye giza. Usinyunyize kutoka kwenye chupa moja kwa moja juu ya sufuria inayotoa mvuke. Mvuke huingia ndani ya chupa, na kuvu hupata maji yake. Tumia kijiko kikavu.

PILIPILI ISIWE MBOGA

Kuna swali tunaloulizwa mara nyingi: pilipili huleta vidonda vya tumbo? Vidonda vingi huletwa na bakteria. Waliogundua hivyo ni madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe ili watu waamini, akaugua tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, mwenye kidonda tayari akiila pilipili anaweza kusikia maumivu zaidi. Huyo aiache, na aende kupimwa, maana dawa ipo.

Hatari nyingine huzungumzwa mara chache. Pilipili na chumvi huufanya ugali mtupu ushuke. Mtu mzima hula ugali mkubwa kwa pilipili, akashiba, akasema amekula. Mtoto hawezi kula pilipili hiyo. Hula matonge mawili makavu, akaacha. Wazee watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, tulipokaa katika vikundi na redio kujifunza ulaji bora. Somo hilo halijaisha. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na Iringa ni mkoa wenye chakula. Basi pakua maharage na mboga kwanza, mpe mtoto sehemu yake, ndipo watu wazima watie pilipili katika sahani zao. Wenye pilipili mbichi bustanini waitie mbichi, kwa sababu ina vitamini C nyingi, na vitamini hiyo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharage. Kukausha huondoa sehemu kubwa ya vitamini C.

Kabla hujasaga pilipili yote, chagua matunda matano au sita makubwa kutoka mche uliozaa vizuri na ambao haukunyauka. Toa mbegu, zikaushe kivulini, si juani. Zifunge katika karatasi na kuziweka ndani ya chupa kavu. Kalamu unayo na kuandika unajua: andika juu ya karatasi jina la pilipili, mwezi na mwaka. Mwezi wa kusia ukifika utajua una mbegu gani, na za lini.